Usiku wa Alama 700

Jumapili iliyopita bando liliniishia wakati simu iko mikononi mwa mpwa wangu, nami nikadhani atanirudishia mara moja. Alibaki kimya kwenye mkeka, akigusagusa kioo, kisha akauliza, "Mjomba, mbona huku kumekuwa usiku?" Nilipoinama nikamwona yule dinosaria mdogo wa kivinjari cha Chrome, anayetokea mtandao unapokosekana, akikimbia chini ya mwezi, na mawazo yakanirudisha Kongwa, mwaka 2018, katika ofisi ya walimu iliyotegemea paneli moja ya sola.

Nilikuwa kidato cha tatu. Madamu wa Jiografia alinikabidhi laptopu ya shule niingize maksi za kidato cha pili, wanafunzi 90, kwa kuwa zilitakiwa kwa mkuu wa shule kesho yake asubuhi. Rafiki yangu alikuja kunisomea majina. Tulipomaliza nilifungua Chrome nitafute namna ya kupanga nafasi, lakini modemu haikuwa na salio, na dinosaria akatokea. Rafiki yangu akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini, naye akaanza kukimbia.

Mchezo huo hauhitaji intaneti hata kidogo. Waliouweka mwaka 2014 walikuwa na fikra kwamba kukosa mtandao ni kama kurudi zama za kale. Kwetu sisi, ambao siku nyingi tulikuwa hatuna mtandao, ndio mchezo pekee uliotukubali. Nje upepo wa Agosti ulikuwa ukirusha vumbi madirishani, na ndani tulikuwa tukipokezana kuruka dungusi zilizofanana na minyaa ya uani kwetu. Kila alama 100 zilipotimia kulisikika mlio mdogo. Mbele kidogo wakaja viumbe wa kale wenye mabawa, tukajifunza kuwainamia. Kisha, kwenye alama 700, ile nyeupe yote ikageuka nyeusi, mwezi ukachomoza na nyota zikatokea. Rafiki yangu alinishika bega. Hakuna aliyesema neno mpaka kulipopambazuka tena.

Nilitaka kuuona usiku ule mara nyingine. Nikaanza upya, nikafa, nikaanza tena. Nilikuwa nimeikaribia 700 kioo kilipokuwa cheusi, nami nikaendelea kubonyeza, nikingoja mwezi. Mwezi haukutoka. Nilichokiona ni uso wangu mwenyewe juu ya kioo chenye vumbi, na pembeni kile kitaa cha chaji kilikuwa kimezimika.

Kazi nilikuwa nimeihifadhi mara moja tu, mwanzoni, kwa hiyo zilisalia maksi za wanafunzi 12. Jioni ile Madamu aliibeba laptopu hadi senta, kwenye kibanda cha kuchajia simu, akaingiza upya maksi za wanafunzi 78, mtoto wake akiwa mgongoni. Aliponiuliza kilichotokea nilimjibu kwamba chaji ilikata ghafla, na hilo lilikuwa kweli. Akasema, "Pole mwanangu, umeme huu utatumaliza." Pole ile niliipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama mtu aliyeonewa.

Namba yake ninayo hadi leo. Tangu Jumapili nimeuanza ujumbe mara tatu: naandika shikamoo, naulizia hali ya watoto, kisha naishia hapo.