Eti mbegu ya elfu hamsini 🙄
Jana tumetoka ibada pale kanisa la Anglikana Mkunazini, Zanzibar, kijana mmoja wa kwaya kanionesha simu, kuna mtumishi wa mtandaoni anasema tuma elfu hamsini ya mbegu utavuna mara kumi, na yeye keshakopa kwa wenzake kazini bado kubonyeza tu. Nikamwambia mdogo wangu hebu soma kwanza Matendo 8, kuna jamaa Simoni alitaka kuwapa mitume pesa ili na yeye apate ule uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimjia juu kwelikweli. Akanyamaza.

Afu nikamwambia angalia tulipokaa, hapa palikuwa soko la watumwa mpaka 1873, watu wanakaguliwa meno wanapangiwa bei, na madhabahu tunaambiwa yapo pale pale walipokuwa wanachapwa. Yani pesa ilishanunua binadamu hapa hapa, leo wewe unataka ikununulie baraka?

Sisemi pesa mbaya jamani, mie mwenyewe kodi ya nyumba inanisubiri, na Paulo kwa Timotheo hakusema pesa ndo shina la mabaya, kasema kuipenda, hapo watu wengi wanaparuka.

Jioni nikamhadithia bibi jirani yangu, Muislamu yule, akacheka mpaka akakaa chini, "kwani mwanangu, na Mungu naye siku hizi anakula rushwa?" Khaa!

Dogo kanitumia meseji, hela karudisha, ila kabakisha kidogo kaenda kula urojo Forodhani 😂