Bahari Haikuwemo Kwenye Daftari

Mwalimu wetu wa drama aliamini kwamba ngoma ikikolea jukwaani, kamera haitakuwa na la kusema. Aliamini hivyo mpaka Jumamosi moja ya kaskazi, tukiwa kidato cha tatu, alipotupeleka ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, Mombasa, kupiga filamu.

Tamasha la shule la michezo ya kuigiza ni la tangu kabla ya Uhuru wa 1963, na vitu vya jukwaani tulivizoea: mchezo, shairi, masimulizi, ngoma bunifu. Filamu ilikuja baadaye sana, na shuleni kwetu ilikuja na kamera moja ya kuazima. Hadithi yetu ilikuwa fupi. Binti wa mvuvi anakataa kuozwa. Siku ya posa anatoroka, anakwenda ufuoni kucheza gonda, ngoma ya Wagiriama, na wenzake. Binti mwenyewe nilikuwa mimi, nimevaa hando, ile sketi ya ngoma, la kuazima, lililonishinda kiunoni, kwa hivyo kila nikimaliza kucheza nalikamata kwa mikono miwili.

Ngoma tulifundishwa na mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akija shuleni jioni. Siku hiyo alifika kabla yetu, akawasha makumbi ya nazi chini ya mnazi, akaipasha moto ngozi ya chapuo. Upepo wa bahari hulegeza ngozi, ngoma ikatoa sauti ya debe. Akawa anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Mwalimu akitazama saa, yeye akitazama moto.

Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepwa hasa, mchanga mtupu umetandaa mbali huko kuelekea mwambani, vijana wanapiga mpira pale ambapo jioni mtu angeogelea. Tulicheza, tukarudia. Hapo ndipo tulipogundua shida ya kwanza: mpiga ngoma akishapata moto, mkono hauendi polepole tena. Teki ya tatu ilikuwa na kasi kuliko ya kwanza, na kamera ni moja, kwa hivyo nyayo za teki moja haziwezi kuungana na za nyingine. Jukwaani hilo ndilo hupigiwa makofi. Ikabidi tumrekodi mzee mara moja kwenye simu, kisha tucheze kwa spika ndogo huku yeye amekaa kando, amenuna. Na tulipoanza kupatia, ngamia wa kupandisha watalii wakapita nyuma yangu, tena bila haraka. Kufikia adhuhuri betri ilikufa, nusu ya ngoma haijapigwa picha.

Tulirudi Jumamosi iliyofuata, saa nne ile ile. Mwenzetu mmoja alikuwa na daftari lenye kila kitu: nani alivaa nini, kayamba lilikuwa mkono gani, mguu upi ulitangulia. Bahari haikuwemo. Tulikuta maji yamejaa, mchanga wetu wote uko chini.

Tukakaa tukingoja yatoke. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alitutazama kwa muda.

"Mwangoja nini, wanangu?"

"Shikamoo, baba. Twangoja maji yapwe."

"Marahaba. Haya ni maji mafu. Hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Mchanga mwautaka? Rudini mwezi ukiandama."

Kuandama kwa mwezi kulikuwa bado wiki nzima, na filamu ilitakiwa Jumatano. Mimi nilikulia Majengo, bahari naiona kila nikivuka daraja la Nyali, na sikuwahi kufikiri kwamba ina ratiba yake mbali na yangu. Mwalimu alitembea peke yake hadi penye ngamia, akarudi na sentensi moja. Msichana aliyecheza mama yangu atasimama ufuoni, aite: "Maji yaja, mwanangu!" Nami nisitoke, niendelee kucheza humo humo.

Gonda ya majini si gonda. Miguu haisikiki, kila ukikanyaga unajimwagia uso. Mabega ndiyo yaliyobaki na kazi, na yalifanya kazi. Nikiitazama leo, naona sehemu ile ya pili ndiyo filamu. Ya kwanza, pamoja na ufundi wake wote, ni ngoma bunifu iliyopelekwa pwani. Mashindano yenyewe hayana hadithi ndefu, tuliishia ngazi ya Pwani.

Jumanne jioni, kabla ya kuiwasilisha, mzee wa ngoma aliletwa kwenye chumba cha kompyuta aitazame. Hakuitazama. Aliinamisha kichwa, mkono juu ya goti, akifuata sauti. Katikati akainua kidole.

"Hapo. Mapigo yangu mawili yako wapi?"

Tuliyakata kweli, ili filamu isizidi muda uliowekwa, na hakuna aliyekuwa ametambua isipokuwa kijana aliyehariri. Mwalimu alijaribu kumweleza habari ya dakika na sekunde. Mzee akamsikiliza kwa adabu, akauliza tena yako wapi. Tukaifungua kazi upya, tukamrudishia mapigo yake, na ili muda utoshe kijana akakata ile shoti ya uso wangu ninapolia.