Jakaranda zilizomaliza RAM yangu

Papa aliyenipa kazi alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, na alitaka kuiona kwenye picha kabla mafundi hawajamwaga zege. Nikamwonyesha picha ya kwanza: kuta, madirisha, geti, basi. Akaishika simu, akaisogeza karibu na miwani.

"Mutoto, nyumba bila miti iko sawa depo. Weka jakaranda, barabara yote."

Alikuwa na haki. Anayeijua Lubumbashi ya mwezi wa kumi anajua barabara zinavyogeuka zambarau.

Mashini yangu, yaani kompyuta, ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Wenye Blender, programu ninayochorea, wanasema hicho ndicho kiwango cha chini, na wanashauri GB 32. Lakini mimi nilishachora nyumba nyingi na hizo 8, nikaona hesabu yao ni ya watu wenye pesa. Nikaijenga jakaranda kwa siku mbili. Majani yake ni balaa: kila kijiti kina vijani vidogovidogo kama unyoya, na kila kijani ni umbo lake. Mti mmoja ukafika vipande laki 9. Nikanakili hadi miti 46 pande mbili za barabara, nikabonyeza F12 ili programu itengeneze picha, nikaenda kula bukari.

Niliporudi, programu ilikuwa imejifunga bila hata kuaga. Nikarudia. Safari hii nilikaa kuitazama: taa ya disiki ikawaka bila kupumzika, mshale wa panya ukawa unaitika baada ya nusu dakika. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mizigo kwenye disiki, na yangu ilikuwa bado ile ya kuzunguka, mwendo wa kobe. Kisha umeme ukakatwa. Betri ya mashini ilikuwa pambo tu, kwa hiyo hesabu yote ikapotea.

Nikaamua dawa ni bareti, yaani kipande cha RAM cha kuongeza. Nikanunua moja ya mtumba, GB 8, bila kubeba mashini dukani. Kosa langu. Nyumbani pengo la bareti likakataa kukutana na kijino cha tundu. Fundi mmoja wa Kenya (si nchi, ni komini yetu) aliitupia jicho mara moja tu.

"Mukubwa, hii ni DDR3. Mashini yako iko ya DDR4. Hata uisukume na nyundo, haiingie."

Kumbe ni vizazi viwili tofauti vya RAM. Akanibadilishia, nikaongeza dola 10. Sasa nina GB 16! F12. Ikajifunga tena, ila ilichelewa kidogo.

Hapo ndipo nilipokasirika vya kutosha kuanza kuhesabu. Chini kabisa ya dirisha la Blender kuna mstari mwembamba. Ukiubonyeza kwa kitufe cha kulia cha panya, unaweza kuuambia ukuonyeshe kumbukumbu inayotumika. Nikafungua faili tupu, nikaweka jakaranda moja, nikaandika namba kwenye karatasi. Nikanakili ya pili: namba ikapanda kwa kiasi kilekile. Ya tatu, hivyohivyo. Kumbe kila nakala ilikuwa mti kamili, na vipande vyake laki 9 vikihifadhiwa upya. Mara 46!

Miaka yote nilikuwa nanakili kwa Shift+D. Alt+D nilikuwa naiona kwenye menyu na kuipita. Ukitumia hiyo, umbo linahifadhiwa mara moja tu, na kila mti unabaki na mahali pake, ukubwa wake na upande ulioelekea. Nikapanda barabara yote upya, huyu nikamgeuza, yule nikamrefusha, wasifanane kama wanafunzi wa mstarini. Namba ya chini haikutikisika.

Jambo la pili lilikuwa picha za kuvalisha maumbo. Ile ya gome ilikuwa JPG ya MB 3 kwenye disiki, nikaidharau. Lakini ikiingia kwenye RAM haibaki imebanwa: nukta 4096 kwa 4096, kila nukta baiti 4, ni MB 64. Na gome lilikuwa na picha nne za namna hiyo, vigae vinne, lami nne, ukuta nne. Mti ulio mita hamsini kutoka kwenye kamera unahitaji gome la 4096 la nini? Nikazishusha hadi 1024, ambayo ni MB 4 kila moja. Za ukuta wa mbele nikaziacha, maana huo ndio Papa angeukuza kwa vidole.

F12. Kilele cha kumbukumbu kikaishia GB 5 na kitu, na picha ikatoka. Ile bareti siijutii, kwa sababu sasa Photoshop na intaneti vinakaa wazi pembeni bila ugomvi, lakini kwa kazi ile ningeweza kuinunua baadaye.

Papa akaitazama picha muda mrefu.

"Iko muzuri. Lakini nyumba itaisha mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu jakaranda iko na maua?"

Haina. Nikaufungua mti mmoja mbele yake, nikachagua maua, nikafuta. Miti yote 46 ikawa kijani kwa mpigo, na Papa akacheka hadi akavua miwani.