Hela ya vitumbua nayo ni kipato, iandikwe

Nyumba nyingi huku Dar watu wakikaa kupanga bajeti wanaandika mshahara wa baba pale juu, alafu wanaanza kushusha, kodi, sare za watoto, nauli, umeme wa LUKU, gesi, hela ya matumizi ya kuacha kila siku, wakiona imebana wanafunga daftari. Biashara ya mama haipo popote. Anaamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua, mchana anauza barafu, ila ukiuliza unaambiwa mama yupo tu nyumbani. Hili linaniuma sana.

Maana we fuatilia hela inavyotembea. Mshahara unabeba vile vikubwa vya mkupuo, kodi ya miezi sita, michango ya shule Januari, na kufika tarehe 20 huko umeshakata. Kuanzia hapo sukari robo kwa Mangi wa dukani, mafuta ya kupima, mkaa wa kopo, nauli ya mtoto, vyote vinatoka kwenye kile kikopo cha vitumbua. Na kwa vile hakijaandikwa basi kila mtu anachota tu, nipe elfu mbili hapo ntakurudishia, yani kinacholiwa wala sio faida, ni unga na mafuta ya kesho. Kwa dada yangu ndo nilikoona vizuri, biashara ilikuwa inauza kabisa, wateja wapo, ila mtaji unaliwa na nyumba mpaka akaishia kwa watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, marejesho kila wiki, ukichelewa wanakuja kubeba vyombo. Alafu mtaani wanasema wanawake wanapenda mikopo. Hapana jamani.

Tena Mahakama ya Rufani ilishaamua tangu 1983, ile kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye kuchuma mali za ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Sasa kama kupika na kulea kunahesabika, huyu anayeingiza hela taslimu kila siku anaachwaje nje ya bajeti?

Mi naona mtaji utengwe kabisa, ukae kwenye laini yake au kibubu, asiuguse mtu hata mwenyewe kwa ajili ya mboga. Faida ndo iandikwe chini ya mshahara na mkubaliane inabeba nini, labda mboga na sukari, basi, isiwe inaziba kila tundu. Hisa ya kikoba, yani hela anayoweka kwenye kikundi cha kuweka na kukopeshana, nayo iandikwe kama mnavyoandika kodi, kwa sababu vikundi vingi vinavunja na kugawana Desemba na hela inawakuta hapo hapo kwenye sare na madaftari ya Januari, ukiacha kununua hisa katikati ya mwaka Januari inakukuta mtupu na mkopo wa kikundi hupati wa maana, maana wanakukopesha kwa kuangalia hisa zako.

Na ile elfu mbili baba aliyochukua asubuhi iandikwe deni, mshahara ukitoka ilipwe ya kwanza, kabla ya Mangi.