Nikakimbia Bafuni

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza nilipata kazi ya kutunza wazee. Siku ya tatu msimamizi akaniambia, kwa upole kabisa, nika-run bafu la bibi mmoja. Neno run nililisoma shule ya msingi Tanga: mwalimu akitamka run, darasa zima tunaitikia kimbia. Basi nikakimbia. Nikafika bafuni nahema, taulo begani, nikasimama pale kungoja nitaambiwa nini tena. Bibi wa watu yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, naye ananingoja mimi. Tukatazamana. Kumbe nilitakiwa kufungua bomba tu, lile beseni lao kubwa la kuogea lijae maji ya uvuguvugu.

Kisa hiki nilikisimulia nilipokuja likizo, barazani kwetu Ngamiani, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kashata pembeni. Mama kakaa mkekani anachambua mchicha. Mjomba, mstaafu wa reli, akauliza, "Na treni je, zenyewe zina-run?"

Afadhali asingeuliza. Asubuhi moja ya theluji kipaza sauti cha stesheni kilitangaza kwamba treni hazi-run. Nikajisemea, zisikimbie, zikitembea tu zitanifikisha. Nilikaa saa nzima na baridi ile, kumbe maana yake siku hiyo hakuna treni.

"Basi hii yetu ya Moshi," mjomba akasema, "aliyoanza kuijenga Mjerumani 1893, kwa hesabu hiyo siku nyingi haikuwapo!"

Nikawaeleza mengine. Pua iki-run ni mafua. Ukii-run kampuni unaiendesha. Mwanasiasa aki-run anagombea. Rangi ya nguo iki-run inachuja, na hapo mama akaitikia mara moja, maana kanga zinazochuja anazijua. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolishughulikia neno hili, kitenzi peke yake walikihesabia maana 645. Peter Gilliver, mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, ilimchukua kama miezi tisa. Kwenye chapa ya 1989 bingwa wa maana nyingi alikuwa neno set.

Mtoto wake, runner, karithi tabia. Ni mkimbiaji, sawa. Lakini pia ni zulia jembamba la kwenye ngazi, ni kitambaa kirefu cha katikati ya meza, na kuna maharage ya kutambaa yanaitwa hivyohivyo. Na mtu akishakula mgahawani akachomoka bila kulipa, wanasema ka-do a runner. Hiyo angalau nilielewa bila mwalimu.

Mjomba akaniacha nimalize. "Wacheke tu Waingereza. Mama yako leo kapiga deki, kapiga pasi, kapiga simu kwa dada yako. Kampiga nani?"

Nikakosa jibu. Kweli, kuna mwenzangu kazini anajifunza Kiswahili, nilipomfikisha kwenye kupiga mswaki, kupiga chafya na kupiga magoti aliniuliza kama kwetu tuna ugomvi na kila kitu. Na hapo sijamfikisha kwa watoto wa piga. Mpiga picha, mpiga kura, mpiga mbizi, wote hawa ni watu na kazi zao. Ila ukisema tu "yule mpigaji", ukaishia hapo, barazani kila mtu anajua unamsema mla fedha za umma. Nani kamvisha mpigaji suti hiyo, sijui, ila imemkaa. Na aliyepigwa siku hizi si lazima awe na jeraha, huenda kauziwa simu feki tu.

Tulikuwa bado tunabishana mama alipoinua kichwa kwenye mchicha wake.

"Mwanangu, na yule bibi, alioga?"

"Alioga, mama."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya moto."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchicha.