Mawe kwenye nyongo: usiku wa maumivu na hofu ya kupasuliwa

Maumivu ya mawe ya nyongo hupenda usiku. Huanza saa moja, mbili au zaidi baada ya mlo wenye mafuta: pilau ya harusini, viazi karai, nyama ya mbuzi yenye shahamu, au futari ya sambusa na bhajia baada ya kushinda bila kula kutwa. Hukaa chini ya mbavu za kulia au pale kwenye chembe ya moyo, na huchoma hadi bega la kulia au mgongoni katikati ya mabega. Hupanda taratibu, yakafika kileleni, yakaganda hapo, kisha yakaachia yenyewe. Kwa kawaida ni kati ya nusu saa na saa kama tano hivi. Ujigeuze utakavyo, ubeue, ujambe, umeze dawa ya kiungulia, hayajali.

Hapo kwenye dawa ya kiungulia ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaambiwa ana vidonda vya tumbo, anameza omeprazoli mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vidonda huwaka, hufuata njaa au kushiba, na husumbua kidogokidogo kwa siku nyingi. Jiwe huja kwa shambulio moja zito lenye mwanzo na mwisho, na kesho yake mgonjwa ni mzima, anafua na kupika, hata majirani wanadhani alikuwa anadeka. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni ultrasaundi ya tumbo. Nenda hujala kwa saa sita hadi nane, na usilegeze sharti hilo. Ukinywa chai ya maziwa na chapati kabla ya kipimo, kifuko cha nyongo kitakuwa kimeshajikamua, kimesinyaa, na vijiwe vidogo ndani yake vinaweza kupita bila kuonekana.

Yanayotokea ndani ni haya. Ini hutengeneza nyongo mfululizo, na kifuko huhifadhi kiasi cha mililita 30 hadi 50 na kuikoleza. Mafuta yakifika kwenye utumbo mdogo, utumbo hutoa homoni inayokiamuru kifuko kijikamue. Kijiwe kikiwa kimekaa shingoni mwa kifuko, kifuko hujikamua huku njia imezibwa, na hayo ndiyo maumivu. Kijiwe kikirudi nyuma, unapata nafuu kana kwamba hakukuwa na kitu. Kikigoma kurudi, kifuko huvimba na kuwaka. Kikiteleza hadi kwenye mrija mkuu wa nyongo, kinaweza kuleta manjano au kuchokoza kongosho, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa, mzito.

Kama mawe yako yalionekana kwa bahati tu, labda ulipokwenda kupimwa ujauzito au figo, na hujawahi kuumwa, tulia. Watu wapatao wanane katika kila kumi wenye mawe ya aina hiyo hawatapata shida maishani, na daktari mzuri hatakukimbiza kwenye upasuaji. Hesabu hubadilika mara maumivu yanapoanza, kwa sababu yakishakuja mara moja huwa yanarudi.

Usiku wenyewe

Panga mambo mchana, usingoje saa nane za usiku. Dawa zikae mahali pamoja, namba ya dereva wa bajaji au teksi iwe kwenye simu, kadi ya bima na majibu ya ultrasaundi viwe kwenye bahasha moja, na mtu mmoja nyumbani ajue bahasha iko wapi. Nusu ya hofu ya usiku hutokana na kutojua utafanya nini, na bahasha hiyo huipunguza kuliko maneno ya kutia moyo.

Dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi ni za kundi la ibuprofeni na diklofenaki. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 mapema, maumivu yanapoanza kupanda, ni bora kuliko kuvumilia hadi utapike kila unachomeza. Bila ushauri wa daktari usizidi miligramu 1,200 kwa siku. Hospitalini hutumia sindano ya diklofenaki ya miligramu 75 kwenye msuli. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki, maana ni za kundi moja na madhara yanajumlishana. Mwenye vidonda vya tumbo vya kweli, ugonjwa wa figo, ujauzito wa zaidi ya wiki 20, au anayetumia dawa ya kuyeyusha damu, asiziguse kabla ya kumwuliza daktari. Huyo aanze na parasetamoli gramu 1, asizidi gramu 4 kwa saa 24. Buscopan, dawa ya kulegeza msokoto wa tumbo, watu wanaipenda na haina ubaya, ila peke yake huwa dhaifu kwa kazi hii.

Usile wakati wa shambulio. Onja maji kidogokidogo, kaa umeinama mbele au lala ubavu wowote unaokupa ahueni, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano. Pumzi haitoi jiwe, lakini inazuia mwili usikakamae, na mwili uliokakamaa huumia zaidi.

Sasa mipaka. Maumivu yakipita saa tano au sita bila kuachia, ukipata homa au kutetemeka kwa baridi, macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, ukatapika bila kukoma, au mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa, basi hapo si pa kungoja asubuhi. Homa, manjano na maumivu vikija pamoja ni dalili ya maambukizi kwenye mirija ya nyongo, na yanaweza kuua ndani ya siku chache.

Wenye selimundu (siko seli) nao waangaliwe kwa jicho lao. Seli zao za damu huvunjika haraka, kwa hiyo hupata mawe meusi hata wakiwa watoto. Maumivu ya tumbo kwao hudhaniwa ni "kraisisi" tu, yaani shambulio la maumivu la selimundu yenyewe, na macho yao huwa na umanjano kidogo siku zote, hivyo manjano mapya hupita bila kushtua mtu. Linganisha vipimo vya ini vya leo na vya zamani, usilinganishe na vya mtu asiye na selimundu.

Chakula, na yale mafuta ya zeituni

Kupunguza mafuta hupunguza mashambulio, hakuyeyushi jiwe. Ukilielewa hilo huwezi kujilaumu kila yanapokuja. Punguza vinavyokaangwa kwa mafuta ya kuzama, tui zito la nazi, samli, ngozi ya kuku, makongoro. Ugali, wali mweupe, mchicha uliochemshwa, maharage yasiyo na tui, samaki wa kuchemsha au kuchoma, ndizi na papai kwa kawaida hupita salama. Gawa mafuta kidogokidogo kwa siku badala ya kuyala yote usiku.

Kosa kubwa liko upande wa pili, pale mtu anapoogopa sahani. Anaruka milo, anakonda haraka. Nyongo isiyotumika hukaa kifukoni ikikolea, na anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki anatengeneza mawe mapya. Anayefunga Ramadhani na mawe yanayouma azungumze na daktari mapema, na akifuturu aanze na tende, maji na uji, aache sahani ya vya kukaanga ipite.

Ile tiba ya kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, ikafuatwa na kuharisha vidude vya kijani, inasambazwa sana kwenye makundi ya WhatsApp. Vidude hivyo vilipochunguzwa maabara, majibu yakachapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2005, havikuwa mawe. Ni sabuni iliyojitengeneza tumboni kutokana na mafuta yenyewe na maji ya limau. Na kikombe cha mafuta kwa mkupuo, kwa mtu mwenye jiwe shingoni mwa kifuko, ni kuliita shambulio. Dawa ya kuyeyusha mawe ipo hospitalini, ila hufaa vijiwe vidogo vya kolesteroli tu, hutumiwa miezi hadi miaka miwili, na mawe hurudi kwa wengi.

Hofu ya kupasuliwa

Swali la kwanza la kila mtu: kwa nini watoe kifuko kizima, si mawe tu? Kwa sababu kifuko hicho ndicho kinachotengeneza mawe. Ukiyatoa ukakiacha, mengine yatakuja. Na unaweza kuishi bila kifuko, kwani ini linaendelea kutengeneza nyongo ileile. Tofauti ni kwamba sasa inatiririka moja kwa moja kwenye utumbo.

Kutoa kifuko kwa upasuaji wa matundu kulifanywa kwa mara ya kwanza na daktari Erich Mühe huko Ujerumani mwaka 1985. Leo, kwa kawaida ni matundu manne, moja kitovuni la kama sentimita moja, na mengine madogo juu ya tumbo na ubavu wa kulia. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Mrija wa kifuko na mshipa wake wa damu hubanwa kwa vibanio vidogo, hukatwa, kifuko hubanduliwa kwenye ini na kutolewa kitovuni. Huchukua saa moja hadi mbili, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Hospitali nyingi za mikoa hazina vifaa hivyo, hupasua chini ya mbavu za kulia. Ni salama pia, ila utalala wodini siku kadhaa na kupona huchukua wiki nne hadi sita.

Hatari inayotajwa sana ni kujeruhi mrija mkuu wa nyongo, takriban wagonjwa watatu hadi watano katika kila elfu. Hutokea zaidi kifuko kinapokuwa kimevimba na kugandamana kiasi kwamba mirija haitofautishiki. Ndiyo sababu daktari anayeanza na matundu akaishia kupasua hajashindwa. Amekataa kukata asichokiona. Saini fomu ukijua hilo linaweza kutokea.

Nusu kaputi ndiyo inayowanyima watu usingizi kabla ya usingizi wenyewe. Wanaogopa kutozinduka, au kuzinduka katikati. Kuzinduka katikati kulichunguzwa Uingereza na Ireland, na ripoti ya mwaka 2014 ilipata kama mgonjwa mmoja katika 19,000. Kuhusu vifo, nitasema jambo ambalo watu hulikwepa. Utafiti mkubwa wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji wa kila aina ni mara mbili ya wastani wa dunia, na karibu vyote, asilimia 94, vilitokea baada ya siku yenyewe ya upasuaji. Wengi wa wagonjwa wale walipasuliwa kwa dharura. Soma takwimu hizo vizuri uone hofu yako inapaswa kuelekea wapi: kwenye siku za kwanza wodini, na kwenye kuchelewa hadi kifuko kioze ndipo ukimbizwe usiku. Upasuaji uliopangwa, ukiwa huna homa, presha na sukari vimetulia, ni jambo tofauti kabisa na ule wa dharura.

Kwa hiyo maswali ya kumwuliza daktari wa upasuaji yawe hivi: unafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwezi? Umehakikisha hakuna jiwe kwenye mrija mkuu? Usiku nani atanipima presha, mapigo na joto, na kila baada ya saa ngapi? Nikiharibikiwa saa tisa usiku, daktari yuko jengoni au nyumbani? Daktari asiyependa maswali haya amekupa jibu tayari.

Daktari wa usingizi mwambie kila kitu: dawa za presha na kisukari, aspirini, dawa za miti shamba, sigara, miraa, jino linalolegea, na kwamba unaogopa. La mwisho si la aibu, ana dawa ya kukutuliza kabla hujaingia. Kwa kawaida chakula husimama saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla, ila fuata saa utakazopewa. Futa rangi ya kucha na usipake hina nyeusi kwenye vidole, kwa sababu kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni na rangi hizo humchanganya msomaji. Utaulizwa jina lako na unachopasuliwa mara tatu au nne. Usidhani wamekusahau, ni utaratibu wa usalama. Dawa nyeupe ya usingizi itakayopita kwenye kanula, kile kijirija cha mshipani, inaweza kuwasha mkono kwa sekunde chache, na baada ya hapo hutakumbuka kitu.

Ukizinduka, bega la kulia linaweza kuuma kuliko tumbo. Ni mabaki ya gesi yanayochokoza kiwambo cha kupumulia. Huisha kwa siku mbili tatu, na kutembea wodini husaidia. Choo chepesi huwapata baadhi ya watu kwa wiki kadhaa. Rudisha mafuta kidogokidogo, na choo hicho kikidumu kwa miezi, daktari ana dawa yake. Usinyanyue ndoo ya maji kwa wiki mbili kama ni matundu, wiki sita kama ni mpasuo.

Maumivu ya baada ya upasuaji hupungua kila siku. Yakianza kuongezeka siku ya pili, ya tatu au hata ya tano, tumbo likijaa, homa ikija au macho yakigeuka manjano, rudi hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda nyongo inavuja. Ndugu wataonyeshwa mawe kwenye kichupa na watapiga picha. Wakati wanapiga, wewe ulizia kifuko chenyewe kimepelekwa maabara ya patholojia na majibu yanatoka lini, kwa kuwa mara chache sana saratani hugunduliwa hapo tu. Na ikiwa miaka ijayo utapimwa MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku, mtaje mpimaji kwamba una vibanio tumboni. Kama ni vya titani, kama vilivyo vingi, havitazuia kipimo.