Paukwa kwanza, maswali baadae

Jamani nani alosema hadithi ya mtoto wa miaka minne lazima imalizwe na "haya, tumejifunza nini?" Mtoto bado yuko juu ya mti na kima, we ushamshusha umfanyie mtihani.

Mie hapa Unguja huwatolea watoto hadithi baada ya isha, hasa umeme ukikatika maana hapo TV haina kauli. Naita "Paukwa!" wao "Pakawa!", wakijibu kivivu naita tena mpaka wachangamke, kwa sababu wakishaitikia hapo wanajua tushaingia kwengine, kima anaweza kusema na papa na hakuna wa kuuliza vipi.

Na ya kuanzia kwa maoni yangu ni hiyo hiyo ya kima na papa. Ya zamani sana hiyo, Edward Steere, yule alokuja kuwa askofu wa kanisa la Mkunazini, aliichapisha 1870 pamoja na nyengine alizosimuliwa hapa hapa. Mkuyu mkubwa, matawi nusu yako nchi kavu nusu yako baharini, kima anakula kuyu na kumrushia rafiki yake papa, siku moja papa anamwambia twende kwetu ukatembee, kima anapanda mgongoni, wakifika katikati ya bahari ndo anaambiwa sultani wa kwao mgonjwa na dawa yake moyo wa kima!

Hapo nanyamaza. Haya, kima afanye nini? Mmoja kasema aisimamishe boti ya Pemba apande, mwengine kasema amwite mamake. Basi tatizo washalijua, na sijalitaja hata jina lake. Ndo nawapa alichofanya mwenyewe kima, kwamba sie tukitembea mioyo yetu tunaiacha mtini, turudi nikauchukue, wanacheka mpaka wanagaragara kwenye mkeka.

Nani na wapi mtoto anadaka haraka, kazi iko kwenye kwa nini. Kesho yake nampa kifuu awe kima na kandambili iwe papa anisimulie yeye, na mara nyingi sultani anamsahau kabisa, papa anataka kula kima tu basi. Simkosoi, namuuliza "kwani hawa si marafiki, wamegombana?" anafikiri weee, halafu "aaah, sultani alikuwa anaumwa!" Mie hilo naliona kubwa kuliko kukariri maneno mhusika na mandhari, hayo watayakuta skuli.

Hadithi ya Sultani Darai bado sijawapa. Ni ndefu, inataka kukatwa usiku kwa usiku, halafu kuna yule paa alomtajirisha bwana wake, akaugua, bwana hata hakumjali mpaka akafa. Yule mdogo wangu analia hata kuku wa jirani akichinjwa, kwa hiyo tutakaa kwanza na kina sungura na fisi.